Narok: wilaya iliyorithi nusu ya jina la kijito

Mji wa Narok, kusini-magharibi mwa Kenya, hutajwa sana katika taarifa za habari nyakati za mvua za masika, maji yanapoteremka kutoka vilimani na kujaa katika barabara kuu na madukani, kama ilivyotokea Aprili 2015 mafuriko yalipoua watu katikati ya mji. Kila mara jambo hilo linapotokea, mazungumzo kuhusu mitaro na vibali vya ujenzi huambatana na mjadala mwingine kuhusu jina lenyewe. Wapo wanaosema kwamba Narok maana yake ni mahali peusi, wengine wanashikilia kwamba jina linahusu udongo mweusi wa mabonde yake, na wengine, hasa baada ya kuona maji ya mafuriko yenye matope, husema kwamba wazee waliuita mji huo kwa maji machafu na kwamba jina lilikuwa onyo. Maelezo hayo yote yana chembe ya ukweli, kwa kuwa weusi umo ndani ya jina. Yanapokosea ni katika kukisia ni kitu gani kinachoitwa cheusi, na jibu la swali hilo limo ndani ya neno lenyewe, kwa mtu anayejua namna lugha ya Kimaasai inavyounda maneno yake.

Kabla ya kufika huko, ni vyema kutenganisha vitu vitatu vinavyobeba jina hili moja, kwa sababu sehemu kubwa ya mkanganyiko hutokana na kuvichanganya. Cha kwanza ni kijito, ambacho jina lake kamili ni Enkare Narok. Kinaanzia katika nyanda za juu za Mau, kinapita katika mji, kisha kinaelekea kusini na kuingia katika mto Ewaso Ng'iro, ule wa kusini, ambao nao huvuka mpaka na kumwaga maji yake katika Ziwa Natron nchini Tanzania. Cha pili ni mji uliokua kando ya kijito hicho, zaidi ya meta 1,800 juu ya usawa wa bahari. Cha tatu ni eneo la utawala, ambalo tangu enzi za ukoloni liliitwa Wilaya ya Narok na ambalo leo, baada ya Katiba ya 2010 na uchaguzi wa 2013, linaitwa Kaunti ya Narok. Jina lilitoka kwenye kijito likaenda kwenye mji, na kutoka kwenye mji likaenda kwenye wilaya. Anayeanza kutafuta maana yake kwenye wilaya, yaani katika udongo wake, misitu yake au watu wake, anaanzia mwisho wa safari.

Sasa tulitazame neno. Katika Kimaasai, enkare ni maji. Mzizi -rok ni hali ya kuwa na rangi nyeusi. Kilichobaki ni silabi ya kwanza, na-, ambayo wengi huiruka wakidhani ni sehemu tu ya jina, ilhali ndiyo yenye ushahidi wote. Kimaasai hakina ngeli nyingi kama Kiswahili. Nomino zake hugawanyika hasa katika jinsi mbili, ya kiume na ya kike, na mgawanyiko huo hauhusu viumbe peke yake bali hata milima, maji na miti. Neno la sifa linapofuata nomino ya jinsi ya kike katika umoja, aghalabu hutanguliwa na na-, na linapofuata nomino ya jinsi ya kiume hutanguliwa na o-. Kwa hiyo maji, yaliyo ya jinsi ya kike, yakiwa meusi ni enkare narok, lakini mlima, ulio wa jinsi ya kiume, ukiwa mweusi ni oldoinyo orok. Na kweli mlima mrefu ulio juu ya mji wa mpakani wa Namanga huitwa Ol Doinyo Orok. Ni mzizi uleule mmoja, ila umebadilisha kiambishi kulingana na kitu unachokieleza, sawasawa na Kiswahili kinavyosema maji meusi lakini mlima mweusi.

Kutokana na hapo tunaweza kuona kwamba Narok, ikisimama peke yake, ni sifa iliyokatwa kutoka kwenye nomino yake. Msemaji wa Kiswahili hapaswi kushangaa, maana sisi wenyewe tunafanya hivyo kila asubuhi katika migahawa, mhudumu anapouliza, "Ya maziwa au ya rangi?" na mteja akajibu, "Nipe ya rangi." Neno chai halikutamkwa na yeyote, lakini ile ya imelihifadhi, na mgeni wa lugha atakayedhani kwamba "ya rangi" ni jina kamili la kinywaji atakuwa amefanya kosa lilelile la mtu anayetafsiri Narok kuwa ni "mahali peusi". Hakuna mahali katika jina hili. Kuna kitu cha jinsi ya kike, cha umoja, kilicho cheusi, na kitu hicho ni maji.

Uzuri ni kwamba jirani yake anathibitisha kanuni hiyo kwa njia ya kinyume. Wilaya nyingine kubwa ya Wamaasai nchini Kenya ilikuwa Kajiado, ambayo nayo ilipata jina lake kutoka kwenye mkondo wa maji, na baraza lake la zamani lililihifadhi jina hilo kwa umbo lililo kamili zaidi: Olkejuado. Olkeju ni mto, na ado ni hali ya urefu, kwa hiyo jina zima ni mto mrefu. Hapa nomino ni ya jinsi ya kiume, ndiyo maana hatuoni na- popote. Tena nomino na sifa yake zilishikamana zikawa neno moja, kisha wageni wakapunguza mwanzo na kulainisha katikati hadi tukapata Kajiado. Wilaya mbili zilizopakana, zote zikiitwa kwa mikondo ya maji, zilipitia njia tofauti: moja ilibaki na jina zima lililochakaa kwa kutamkwa, nyingine ikabaki na sifa peke yake, ila imesalimika vizuri. Mtu akiniuliza ni lipi kati ya hayo mawili limetendewa haki zaidi, nitasema Narok, kwa sababu angalau kila herufi iliyosalia ni ya Kimaasai.

Swali la weusi ni tata kidogo, na hapo ndipo nadharia ya maji machafu inapopata wafuasi. Katika Kiswahili cha mitaani, maji meusi humaanisha kwa haraka maji ya mtaro, na ni rahisi kuipachika hisia hiyo kwenye lugha nyingine. Wamaasai hawaioni rangi hiyo kwa jicho hilo. Katika dini yao Enkai, Mungu, hutajwa kwa sura mbili: Enkai Narok, Mungu mweusi, ambaye ni mwema, mleta mvua na malisho, na Enkai Nanyokie, Mungu mwekundu, ambaye ni mwenye hasira na hutajwa wakati wa ukame na maangamizi. Neno Enkai lenyewe hubeba pia maana ya mvua na mbingu, na mtu aliyewahi kusubiri mvua katika nchi ya wafugaji anajua kwamba wingu jeusi ndilo linaloleta nafuu. Kwa hiyo narok si tusi. Msomaji ataona pia kwamba Enkai, kama enkare, ni ya jinsi ya kike, na ndiyo maana sifa zake zote mbili zinaanza na na-.

Lakini si lazima tupande mpaka mbinguni kueleza rangi ya kijito. Ushahidi ninaouona kuwa na nguvu zaidi uko ardhini, katika mto ambao kijito hicho huuingia. Ewaso ni mto, na ng'iro ni rangi ya hudhurungi, ile ya maji yaliyobeba tope. (Si kila neno la sifa katika Kimaasai huhitaji kiambishi, ng'iro ni mojawapo ya yale yanayosimama bila hicho.) Enkare Narok huingia katika Ewaso Ng'iro: maji meusi yanakutana na mto wa hudhurungi. Ukipanda kaskazini hadi Laikipia, ambako Wamaasai waliishi kabla ya kuhamishwa, unakuta mto Ewaso Narok, ambao ndio unaoangusha maporomoko ya Thomson pale Nyahururu, ukielekea kuingia katika Ewaso Ng'iro, ule wa kaskazini. Jozi ileile imejirudia mamia ya kilomita mbali na ya kwanza. Ni vigumu kuliona hilo kama sadfa tupu. Kwa maoni yangu, majina haya yalitofautisha mikondo inayokutana: mmoja unaoonekana wa giza kwa sababu maji yake hayana tope na hupita kwenye kivuli na mawe, na mwingine ulio mpana, unaobeba udongo wa nchi nzima. Maji yasiyo na tope juu ya sakafu ya mawe meusi huonekana meusi kwa mtu aliyesimama ukingoni. Iwapo ndivyo, basi jina linalodhaniwa kulaumu uchafu lilikuwa likisifu usafi.

Mfugaji, kwa kweli, ana sababu nzuri ya kuyaita maji kwa sifa zake badala ya kuyaita kwa majina ya watu. Anayemwelekeza mwenzake penye kunyweshea ng'ombe anahitaji kumwambia atayatambuaje maji hayo atakapofika. Ndiyo maana nchi yote iliyowahi kukanyagwa na ng'ombe wa Wamaasai imejaa majina ya aina hii. Nairobi ni Enkare Nairobi, maji yaliyo baridi, jina la kijito kilichokuwa hapo kabla ya reli kufika mwaka 1899, na kama Narok, mji huo mkuu umebaki na sifa tu huku nomino ikiachwa njiani. Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, ni Enkare Nanyokie, maji mekundu. Yote matatu, Narok, Nairobi na Nanyuki, yana na- ileile inayodai maji yake.

Upande wa Tanzania mambo yalikwenda tofauti kidogo, na kwa msomaji anayetaka kuona jina zima likiwa bado na viungo vyake vyote, huko ndiko kwa kwenda. Katika jiji la Arusha kuna kata ya Ngarenaro, iliyoitwa kwa kijito chake, na hiyo si nyingine bali Enkare Narok. Katika Wilaya ya Siha, magharibi mwa Kilimanjaro, iko Ngarenairobi, na katika Arumeru, upande wa kaskazini-mashariki wa Mlima Meru, iko Ngarenanyuki. Nomino imesalia, ila imevaa sura ya Kibantu. Herufi nk katika maandishi ya Kimaasai hutamkwa karibu na ng, irabu ya mwanzo ikadondoka, na hivyo enkare ikawa ngare, kwa utaratibu uleule ulioifanya Enkai kuwa Ngai vinywani mwa Wakikuyu na Wakamba. Katika Ngarenaro hata k ya mwisho imeanguka, kwa sababu Kiswahili na lugha za jirani hupenda neno liishie kwa irabu. Wakazi wa Narok na wakazi wa Ngarenaro wanaishi, kwa majina, katika mahali pamoja.

Kufanana huko kumezaa dhana nyingine inayopaswa kuondolewa, kwamba watu wa mahali pamoja walihamia pengine wakalibeba jina, kana kwamba kila Narok ni tawi la Narok iliyotangulia. Majina ya namna hii hayahitaji uhamisho wa mtu yeyote. Jina linaloeleza sifa huzaliwa popote sifa hiyo inapoonekana, kama Maji Moto yanavyopatikana sehemu nyingi za Afrika Mashariki, mojawapo ikiwa ndani ya Kaunti ya Narok yenyewe, bila mtu kudai kwamba chemchemi moja ndiyo mama wa nyingine. Watu kuhama kulikuwepo, tena kwa machungu, lakini ni jambo tofauti na asili ya jina.

Machungu hayo ndiyo yaliyokifanya kijito kidogo kuwa wilaya. Kwa mkataba wa 1904, serikali ya Waingereza iliwagawa Wamaasai katika hifadhi mbili, moja ya kaskazini huko Laikipia na nyingine kusini mwa reli, ili kuyapisha mashamba ya walowezi katika Bonde la Ufa. Miaka saba baadaye, kwa mkataba wa 1911, waliokuwa Laikipia wakaamriwa kuhamia kusini pia, na kesi waliyoifungua kupinga jambo hilo ikatupwa na mahakama mwaka 1913. Hifadhi ya kusini iliyopanuliwa ndiyo iliyohitaji vituo vya utawala, na kituo cha utawala kinahitaji kwanza maji ya kudumu. Afisa aliyepiga kambi kando ya Enkare Narok aliandika Narok juu ya barua zake, na kwa kuwa wilaya nyingi za kikoloni ziliitwa kwa makao yake makuu, eneo zima lililosimamiwa kutoka kwenye kambi hiyo likachukua jina la maji yaliyopita mlangoni pake. Hakuna mtu aliyekaa akaamua kwamba kijito hicho kinawakilisha nchi hiyo. Ilikuwa ni anwani.

Na kama anwani, haikulingana na ukubwa wa nchi iliyoibeba. Kaunti ya leo ina eneo la karibu kilomita za mraba 18,000, na sensa ya 2019 ilihesabu humo watu zaidi ya 1,150,000, ambao wengi wao hawajawahi kuchota maji ya Enkare Narok wala hawaishi katika bonde lake. Upande wote wa magharibi, pamoja na Kilgoris na mbuga ya Maasai Mara, maji yake huishia katika Ziwa Victoria, mengi yakipitia mto Mara, yaani upande tofauti kabisa na ule wa Ziwa Natron. Sehemu ya upande huo iliyo magharibi mwa mto ilipotengwa kuwa wilaya yake mwaka 1994, iliitwa Trans Mara, ng'ambo ya Mara, kwa jina la mto wake wenyewe, mto ambao ng'ambo ya mpaka umeupa jina Mkoa wa Mara wa Tanzania. Katiba ya 2010 ilipoanzisha kaunti 47 kwa kufuata wilaya zilizotambuliwa na sheria ya 1992, kabla ya mgawanyo huo, Trans Mara ilirudishwa chini ya jina la Narok. Mkazi wa Kilgoris anayelalamika kwamba jina la kaunti halimhusu ana hoja ya kijiografia, ingawa sioni jina la mto mmoja ambalo lingemridhisha kila mtu katika eneo lililogawanywa na vyanzo viwili vya maji.

Tukirudi kwenye mafuriko, kuna kosa moja la mwisho ambalo jina limelisababisha. Kwa kuwa kijito kinaitwa Narok na mji unaitwa Narok, wengi hudhani kwamba kijito hicho ndicho kinachopasua kingo zake na kuingia madukani. Maji yanayoleta maafa katikati ya mji huteremka zaidi kupitia mikondo ya msimu ya Kakia na Esamburmbur, ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka ni makorongo makavu. Mji umekaa kwenye bonde lililozungukwa na miinuko, miinuko hiyo imepoteza miti na nyasi zilizokuwa zikizuia maji, sehemu kubwa ikigeuzwa kuwa mashamba, na mvua kubwa ya saa chache hutosha kuyajaza makorongo yote kwa pamoja. Enkare Narok huyapokea maji hayo mwishoni, yakiwa tayari yamepita mjini. Tope linaloonekana kwenye picha za mafuriko, lile ambalo watu hulitumia kueleza jina, lina asili ya karne hii zaidi kuliko ya enzi za waliolitoa jina.

Anayetaka kutumia kanuni ya na- kwa majina mengine ya eneo hilo atafanikiwa mara nyingi, lakini anahitaji tahadhari, kwa sababu kufanana kwa silabi peke yake si ushahidi. Lazima iwepo nomino ya Kimaasai inayoweza kuwekwa mbele, mzizi wa Kimaasai unaoleta maana nyuma yake, na ikiwezekana jina zima bado litumiwe na wenyeji, kama wenyeji wa Narok wanavyosema Enkare Narok hadi leo. Mfano wa jina linaloshindwa mtihani huo uko mwisho wa safari ya kijito chenyewe: Natron, ziwa linalopokea maji yake, linaanza kwa Na- na liko katikati ya nchi ya Wamaasai, lakini jina lake si la Kimaasai hata kidogo, ni neno walilokuja nalo Wazungu, ambalo Waarabu hulitamka natruni, na maana yake ni magadi.